Pengo la Meno Matatu

Watu wa Hadlock waliijua hadithi ya Ozias Bidwell kama walivyoijua Sala ya Bwana, na wengine waliijua vizuri kuliko sala. Aliisimulia kwenye karamu za kanisa, aliisimulia kiwandani kila alipoajiri mtu mpya, na akikukuta dukani unasubiri kupimiwa molasi, basi kwisha habari yako. Hakuwa mtu wa majigambo. Ila jambo moja tu kubwa lilikuwa limemtokea maishani, na mwamba ngoma huvutia kwake.

Alizaliwa juu vilimani, kwenye shamba ambalo baba yake alipanda viazi akavuna mawe, akapanda shayiri akavuna mawe zaidi. Alipopata kimo cha kufikia meza ya kazi alipelekwa kwa fundi wa saa kule bondeni. Akatoka huko na vidole vyepesi, macho mabovu, na imani kwamba hakuna kazi ya mkono ambayo gurudumu la meno haliwezi kuifanya vizuri zaidi. Akamwoa Kezia Thrall, binti wa mjane mmoja kibogoyo aliyeitwa Dorkasi. Wakapanga nyumba kando ya mto, mama mkwe akahamia nao, na Ozias akafungua karakana bandani kwa ng'ombe.

Sasa, vuli ikifika Hadlock, hakuna anayeuliza mambo mengine. Ni matufaha tu. Familia hukusanyika leo kwa huyu kesho kwa yule, vikapu vimejaa hadi mlangoni, na watu humenya jioni nzima, wakikata vipande na kuvitunga kwenye uzi vikauke kwa ajili ya pai za majira ya baridi. Vijana wanapenda, kwa sababu ndipo wachumba hupatikana. Ozias alikuwa ameshaoa, kwa hiyo yeye aliambulia kujikata kidole gumba tu. Kezia alimenya haraka kuliko mtu yeyote mjini. Alivuta kisu kuelekea kidole gumba chake mwenyewe, kidogo kidogo, kama wanawake wote wa kwetu wamenyavyo, na ganda lilishuka zima hadi mapajani. Mumewe alichonga kila kitu kwa kusukuma kisu mbali na mwili wake, kama mwanamume anavyochonga kijiti, na tufaha halimenyeki hivyo.

Ndipo akatengeneza mashine. Unalichoma tufaha kwenye uma, unazungusha mkono, tufaha linazunguka, na kisu kilichofungwa kwenye mkono wa pili kinalipitia juu hadi chini. Ilimenya vizuri. Shida ilikuwa kwamba kisu kikifika mwisho kilibaki huko huko. Ilibidi usimame, uachie, ukirudishe kwa mkono, uanze upya, na kwa muda huo Kezia alikuwa ameshamenya matatu. Majira ya baridi yote Ozias aliongeza fimbo na kamba na springi na magurudumu madogo, mpaka mashine ikawa na vipande vingi kuliko ng'ombe aliyechinjwa, na kisu hakikurudi.

Na hapa ndipo hadithi yenyewe inapoanza. Asubuhi moja alitoka kukamua, akaingia jikoni, akaushika mkono wa mashine bila kufikiri, akazungusha. Kisu kikapita, kikafika mwisho, kikaachia kwa kishindo, na springi ikakirudisha mahali pake. Akazungusha tena. Kikarudi tena. Akainama, akaona kwamba gurudumu kubwa la mbao lilikuwa limevunjika meno matatu. Lilipofika penye pengo halikushika kitu, na kisu kikawa huru kurudi. Mtu mwingine, Ozias alipenda kusema, angelitupa gurudumu lile motoni akachonga jipya. Yeye aliona mkono wa Mungu. Alikuwa akitamka maneno hayo machozi yanamlenga, na kweli yalimlenga kila mara.

Siku zile, ukitaka hataza, yaani ile hati ya serikali ya kuwazuia wengine wasitengeneze kitu chako, ilikupasa kupeleka Washington kielelezo kidogo cha mashine inayofanya kazi, na kula kiapo kwamba wewe ndiwe mvumbuzi wa kwanza na wa kweli. Ozias aliapa kwa moyo mweupe. Na kwa kuwa sisi watu wa Connecticut hatutupi hata msumari uliopinda, Ozias na mkewe hawakuchonga gurudumu jipya la kielelezo. Walichukua lile lile la meno matatu pungufu. Lilikuwa zima isipokuwa pale lilipopaswa kuwa bovu, sasa kwa nini upoteze mbao? Kezia mwenyewe alilipaka vanishi, tabaka nyingi nene, akalifunga kwenye sanduku la majani makavu.

Yaliyofuata yanajulikana. Karakana ikawa kiwanda, mbao ikawa chuma cha kusubu, na mashine ikaitwa Kibogoyo kila mahali, hata kule Ohio ambako hawakumjua Dorkasi. Baadaye akaongeza mashine ya pili, ya kutoa moyo wa tufaha, nayo akaiapia na kuipatia hataza yake. Akawa shemasi. Akanunua kiti cha mbele kanisani. Kitu kimoja tu watu walikicheka: mke wa mwenye kiwanda cha mashine za kumenyea matufaha hakumenya kwa mashine. Kibogoyo kilikaa jikoni kwake juu ya rafu, kikiwa safi, na Kezia aliendelea na kisu chake.

Kisha kampuni ya Crandall, ya jimbo la jirani, ikaanza kuuza mashine yenye pengo lile lile. Ozias akaishtaki. Aliyekuja kumwandaa kwa ushahidi alikuwa wakili wake, Bwana Loomis, kijana mwenye viatu vinavyong'aa ambaye hakuwa amewahi kumenya kitu. Alimweleza waziwazi. Akishinda, Crandall wangefunga. Akishindwa, pengo lingekuwa la kila mtu, na nusu ya watu waliokuwa wakila kwa kiwanda cha Bidwell wangetafuta mahali pengine. Kila kitu kingesimama juu ya neno lake mwenyewe: kwamba wazo la pengo lilikuwa lake.

"Ni langu," Ozias akasema. Akamsimulia hadithi.

Wakili akasikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza yale meno matatu yalikwenda wapi. Ozias akakumbuka kwamba asubuhi ile alikuwa ameyatafuta sakafuni kwa magoti, na Kezia akasema ameshafagia. Loomis akauliza tena: mbao gani? Mti wa sukari, Ozias akajibu, ule tunaougema utomvu mwezi Machi. Na mbao ya mti wa sukari huvunjika hivyo, meno matatu mfululizo, bila kugusa la nne?

Ozias hakuwa amewahi kujiuliza hilo. Miaka yote hiyo, na yeye ni fundi. Siku ile ile alikwenda karakana ya zamani, akachonga gurudumu la mti wa sukari, akalipiga nyundo. Likapasuka katikati. Akachonga jingine, akalibana, akavunja jino moja, na jino likang'oka na kipande cha ubavu. Alijaribu mpaka sakafu ikajaa vipande, na hakuna gurudumu hata moja lililofanana na lile la hadithi. Alitoka bandani akiwa hajui afikiri nini.

Mambo yakazidi kuvurugika dukani. Wanaume walikuwa wameketi kulizunguka jiko la chuma kama kawaida, na walikuwa wamesikia kwamba wakili wa Crandall, mzee mmoja aitwaye Pratt, alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuuliza watu wamesikia nini kutoka kwa shemasi. Enos Wooster, msimamizi wake wa kiwandani, mtu aliyemjua tangu utotoni, hakumwonea huruma.

"Mie nimemwambia ukweli mtupu," Enos akasema. "Nimemwambia kiwandani ulisema gurudumu lilivunjika. Kwenye karamu ya kanisa ulisema ulikuwa unamtazama mama mkwe anatafuna, ukaona pale penye pengo taya linaachia, wazo likakujia. Na yule mwandishi wa gazeti ulimwambia ulikata mwenyewe, kwa makusudi. Sasa shemasi, ipi ndo yenyewe? Maana mie nimeziamini zote tatu."

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema labda lilivunjika kwanza, kisha akalikata, kisha mama mkwe akalitafuna. Ozias naye akacheka, kwa kuwa ukitaniwa dukani huna budi kucheka. Hakukumbuka kusema uongo. Alikumbuka zote tatu. Akifumba macho aliliona gurudumu limevunjika, na akiyafumba tena alimwona Dorkasi anatafuna kando ya moto, na mara ya tatu aliona kisu kinapita katika mbao, ingawa hakuuona mkono ulioshika kisu. Hadithi ikishikwashikwa sana huwa laini kama mpini wa jembe, na hujui tena ilichongwaje.

Kuuliza si ujinga. Akamwuliza mkewe. Kezia alikuwa anakanda unga, na hakuacha kukanda.

"Bwana Bidwell," akasema, maana ndivyo alivyomwita tangu harusi, "ulikula kiapo au hukula?"

"Nilikula."

"Ulidanganya?"

"Sidhani."

"Basi. Kiapo si mchuzi wa jana, hakipashwi moto. Nenda ukaseme ulichosema."

"Lakini we ulikuwepo, mama. Ulifagia. Uliyaona hayo meno?"

Kezia akageuza donge la unga, akalipiga mezani. Akasema alikuwa amefagia vitu vingi katika ndoa ile, na hakuwa amevipa majina. Ozias akabaki amesimama pale, hajui kama amejibiwa au amefukuzwa.

Ushahidi ulichukuliwa katika chumba cha juu ya benki. Kulikuwa na afisa wa mahakama, karani, mawakili wawili, na benchi la watu waliokosa kazi ya kufanya. Kezia aliketi kando ya ukuta akifuma soksi. Mawakili walikuwa wameshakubaliana kwamba yeye hataulizwa neno, kwa kuwa sheria ya wakati ule haikumruhusu mke kushuhudia katika kesi ya mumewe. Alisikia hilo bila kuinua uso, kama aliyeambiwa kwamba mvua haitanyesha.

Ozias akaweka mkono juu ya Biblia. Loomis alimwongoza vizuri, na hadithi ikatoka, fupi kuliko kawaida. Kisha akasimama Pratt. Alikuwa mzee mpole, mwenye mafua, na hakupaza sauti hata mara moja. Alizisoma zile hadithi tatu, na aliyezisikia, na mahali, na benchi likacheka hadi afisa akagonga meza. Ozias alikiri zote alizisema yeye. Akaulizwa ipi ya kweli. Akasema ile ya kuvunjika, na akajisikia akisema kama mtu anayekanyaga barafu nyembamba ya Aprili.

Ndipo Pratt akafungua sanduku, akatoa kielelezo chenyewe, kilicholetwa kutoka Washington.

Ozias hakuwa amekiona tangu siku kilipofungwa. Kilikuwa kidogo kuliko alivyokumbuka, na alikipenda papo hapo, kama mtu anavyopenda viatu vya zamani vya mwanawe. Joto la Washington lilikuwa limekula vanishi. Ilikuwa imepasuka na kubanduka vipande vipande, na mbao ilionekana nyeupe pale penye pengo. Pratt alimwomba alishike gurudumu, aeleze lilivyovunjika. Ozias akalisogeza karibu na macho yake mabovu.

Halikuwa limevunjika. Meno matatu yalikuwa yameondolewa kwa kisu, mikato midogo midogo, mmoja juu ya mwingine, taratibu na kwa usafi. Na kila mkato ulikuwa umeanza mbali na kuishia karibu, kwa kisu kilichovutwa kuelekea kidole gumba. Alikuwa ameona alama kama zile kwenye kila tufaha lililomenywa nyumbani mwake. Angeweza kumtambua mwenye mkono ule hata gizani.

Akamtazama mkewe. Sindano za Kezia zilikuwa zimesimama, na alikuwa anamtazama, na uso wake ulisema jambo moja tu, nalo aliliona wazi kama limeandikwa ukutani: nyamaza.

Hakuna aliyejua ila wao wawili. Pratt alitafuta mahali palipovunjika tu, hakujua kusoma alama za kisu. Ozias angeweza kusema limevunjika, au nimelikata, na yote yangepita. Alifikiria kiwanda. Alimfikiria Enos na watoto wake. Alifikiria kiti cha mbele kanisani, na mkono wake ulikuwa bado unahisi baridi ya jalada la Biblia.

"Hili halikuvunjika," akasema. "Limemenywa."

Pratt akapenga kamasi, akauliza anamaanisha nini.

"Limekatwa. Na si kwa mkono wangu."

Loomis akaruka, akasema kuchonga kielelezo si kuvumbua, fundi yeyote anaweza kuchongewa. Pratt akakubali kwa upole, kisha akauliza: je, yeye shemasi alimwagiza huyo aliyekata akate? Ozias akasema hapana. Je, alijua kwamba limekatwa? Hapana. Basi pengo lilikuwa wazo la nani?

"Nilidhani ni langu. Niliapa nikidhani hivyo. Sasa sijui ninadhani nini."

"Mtaje huyo mtu, Bwana Bidwell."

"Sheria yenu imeshasema haitaki kumsikia," Ozias akajibu, na karani akaacha kuandika ili aelewe, halafu taratibu benchi zima likageuka kumtazama Kezia. Yeye akaokota uzi wake, akaendelea kufuma.

Hukumu ilitoka baada ya theluji kuyeyuka, na ilikuwa kama Loomis alivyoogopa. Pengo likawa la kila mtu, na watu wengi wakaachishwa, ingawa Enos alibaki. Kiwanda kilibaki kimesimama kwa mguu mmoja, ile mashine ya kutoa moyo wa tufaha, ambayo hataza yake haikuwa na mgogoro na mtu. Lakini hayo ni ya mawakili. Ya Ozias yalikwisha alasiri ile ile ya ushahidi, jikoni.

Walikuwa wamerudi kwa gari la farasi. Kezia alivua kofia, akafunga aproni, akaweka beseni la matufaha mapajani. Ozias akaketi mbele yake, akakitazama kisu kinavyovutwa kuelekea kidole gumba. Alikuwa na hasira. Alikuwa na aibu. Na chini ya hayo yote, jambo ambalo hakulitegemea, alijivunia mke wake, na hakujua aanze na lipi.

"Wazo lilikujia lini?" akauliza.

"Nilipokuwa namtazama mama anatafuna."

"Hiyo niliisimulia mimi. Kanisani."

"Nilikusimulia mimi kwanza. Ukasema ni upuuzi, ukarudi kwenye kamba zako. Halafu ukaisahau, ukaiokota tena, ukaja kunisimulia mwenyewe, nami nikacheka kama mgeni."

"Mbona hukusema lilikuwa lako?"

Kezia akaweka kisu chini, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Ningesema, ungefanyaje? Ungekwenda ukaape kwamba ni la mkeo. Nakujua, usingeweza kufanya vingine. Na mji mzima ungekucheka mpaka ushindwe kupita dukani, na usingegusa tena gurudumu maisha yako yote. Na kunyamaza ukaapa uongo usingeweza, ungekufa kwa kukosa usingizi. Sasa mie nilikuwa na njia gani? Nikalikata asubuhi na mapema, meno nikayatia motoni, nikakungoja utoke kukamua. Ulivyofurahi, Bwana Bidwell. Ulinizungusha jikoni mpaka mama akadhani nyumba inaungua." Akachukua kisu tena. "Nimekulinda na kiapo chako miaka yote hii. Leo nikakwambia kwa macho nyamaza, na hukunyamaza."

"Nilikuwa nimeapa."

"Najua ulikuwa umeapa."

Hakuwa na hasira aliposema hivyo. Alikuwa amechoka tu, na macho yake yalikuwa mekundu. Ozias akainuka, akakishusha Kibogoyo kutoka rafuni, akakiweka mezani, akauzungusha mkono wake bila tufaha. Kisu kikapita hewani, kikafika mwisho, kikarudi kwa kishindo. Akazungusha tena. Alijaribu kuyapanga maisha yake upya kichwani, hiki chake na kile cha Kezia, na kila alichokigusa kilimponyoka. Kiwanda, jina lake langoni, kiti cha kanisani, hata yale machozi yaliyomlenga kila aliposimulia. Kisha mkono wake ukasimama wenyewe, kwa sababu alikuwa amekumbuka kiapo cha pili.

"Kezia," akasema. "Ile mashine nyingine. Ya kutoa moyo. Ile ilikuwa ya nani?"

"Ile yako," Kezia akajibu.

Alijibu upesi mno, na hakuinua macho. Ozias akasubiri kuona kama ataongeza neno, lakini alikuwa ameshachukua tufaha jingine.